Baraza la Ndege wa Boddam

Habari iliwafikia ndege wa visiwa vya Chagos kwa kuchelewa mno: kwamba mwaka 1966 mkubwa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliandika kuwa huko hakutabaki wenyeji ila shakwe, na shakwe hawana kamati.

“Basi na tuunde kamati,” wakasema buabua.

Wakakutana kisiwani Boddam, penye gofu la kanisa. Panya akawahi kiti cha mbele. “Ninyi mwaja na kuondoka,” akasema. “Mimi nalala hapa masika na kiangazi. Mwenyeji ni nani kama si mimi?”

“Ulishuka merikebuni,” akamjibu buabua mzee, “siku za Wafaransa, walipoleta watumwa kutoka Msumbiji na Bukini kuja kupanda minazi. Tangu hapo yai letu likitagwa jioni, alfajiri ni ganda. Tumekukimbia, tukahamia kisiwa cha Nelson's, ambako hujafika.”

Pono akainua kichwa majini. “Nasi njaa inatuuma. Zamani ndege walivua mbali baharini, wakirudi wanadondosha samadi, mvua inaishusha hadi kwenye matumbawe, mwani unanawiri, nasi tunashiba.” Samadi hiyo ni neema, na pono hakutia chumvi: utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba kwenye miamba ya visiwa visivyo na panya, jumla ya uzito wa samaki inazidi kwa asilimia 48 ile ya visiwa vyenye panya.

Panya akacheka. “Bahari yote hii ni hifadhi tangu 2010. Watu hawapo. Mnataka nini tena?”

“Hifadhi twaitaka,” akasema buabua. “Twaitaka kwa moyo wote. Katibu, andika: wenyeji ni ndege.”

Katibu alikuwa kaa mla nazi, mkongwe kuliko wote barazani. Hakuandika. Akageukia makaburi.

“Na watu hawa niwaandike vipi?” akauliza. “Nilikuwa mdogo walipoanza kuondolewa, mwaka 1968. Kufika 1973 hakubaki hata mmoja. Waliohamishiwa hapa kutoka kisiwa cha Diego Garcia walilia mbwa wao, waliouawa kwa moshi. Kisha wote wakapakiwa melini, huyu Morisi, yule Shelisheli, wakaacha wazazi wao chini ya mchanga huu. Meli iliyowachukua watu haikumchukua panya. Nikiandika kuwa wenyeji ni ndege peke yao, nitakuwa nimemwandikia barua yake yule mkubwa.”

Baraza likanyamaza. Bubi mwenye miguu myekundu akainamisha mdomo.

“Futa,” akasema buabua mzee. “Andika: majirani zetu walichukuliwa, nasi hatukuulizwa.”

Jua likazama. Ndege wakaruka upesi kuelekea Nelson's, maana Boddam usiku ni wa panya. Kaa akabaki pale makaburini, akiyaondoa kwa gando, moja moja, makuti yaliyofunika jiwe.