Nilitaka Kutuma Moja

Mama yangu hatumi picha kwenye kundi la familia. Kundi analo, admini ni mdogo wangu wa mwisho, na watu wote wamo, kuanzia kaka aliyeko Muscat mpaka dada aliyeolewa Toronto. Mama huingia humo asubuhi, akatoa salamu, akaombea watu heri, akatoka. Picha zake humtumia mtu mmoja mmoja. Akimpiga picha mjukuu, anaanza na kaka: anamsalimia, anauliza hali ya mkewe, anauliza kama joto limepungua, ndipo anaiweka picha. Akimaliza anahamia kwa dada: salamu, hali ya mumewe, baridi imezidi au nafuu, picha. Anakwenda hivyo mpaka ukoo uishe. Na mimi niliyekaa naye kochi hilohilo, goti kwa goti, simu yangu inalia: "Hujambo mwanangu. Mtoto wa mdogo wako ameota jino." Natakiwa kujibu, tena kwa maandishi. Siku moja nilimjibu kwa mdomo, "Nimeliona, mama," akanitazama kama nimekataa mkono wa salamu.

Kazi ya kuwahudumia wazazi na simu zao haina mshahara wala likizo. Iliniangukia mimi kwa sababu naishi Dar es Salaam, Tanga nafika mara kwa mara, na chuoni nilisoma uhasibu ambao ndani yake kulikuwa na somo la kompyuta. Kwa baba, karani mstaafu wa bandari, hiyo inatosha kunifanya fundi wa kila kitu chenye kioo. Nikifika nyumbani Chumbageni, begi halijagusa sakafu, simu mbili tayari ziko mezani zinanisubiri, pamoja na ya jirani.

Baba ana daftari. Kila ninachomfundisha anakiandika kwa ule mwandiko wa makarani wa zamani, ulioinama upande mmoja, na kichwa chake anakipigia mstari kwa rula: "Namna ya Kupeleka Picha." Nilijua hapo tumemaliza. Mtu mwenye rula hakosei.

Basi akapeleka picha ya marehemu bibi kwenye kundi. Ilikuwa picha ya karatasi aliyoipiga upya kwa simu, na wengi wetu hatukuwahi kuiona. Kaka aliifungua akiwa kazini Muscat, akaiona mara moja, akaifunga ili aje aitazame vizuri usiku. Usiku hakuna picha, kuna neno "Imefunguliwa." Dada naye hivyohivyo. Kundi likawaka moto, nani kafuta picha ya bibi? Nikampigia baba.

"Baba, ulipokuwa unaituma ulibonyeza nini?"

"Hapo pembeni, palipoandikwa moja."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kutuma moja."

Nikanyamaza. Akaendelea, kwa sauti ya mtu mwenye malalamiko yake ya siku nyingi: "Hata siku ya harusi nilitafuta tatu, sikuiona. Hii programu yenu haijakamilika."

Ile namba moja iliingizwa WhatsApp mwaka 2021 kwa ajili ya watu wenye siri: picha inafunguka mara moja, kisha haifunguki tena, wala huwezi kuihifadhi. Walioibuni huko California waliwafikiria wapenzi na wenye nyaraka nyeti. Hawakumfikiria mtu aliyefanya kazi miaka yote mahali ambapo mzigo hauondoki bila idadi kuandikwa pembeni. Nilipomweleza, alifuta mstari mmoja kwenye daftari, tena kwa rula, akasema bado haoni faida ya kumwonyesha mtu kitu halafu ukamnyang'anya.

Lakini tuwe wa haki kwa mzee. Yeye alijifunza kupiga picha enzi za mkanda. Ulikuwa unapata picha 36, mkanda unaupeleka studio kusafishwa, unangoja, halafu unalipia zote, hata zile ambazo watu wamekatwa vichwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia leo kwamba picha ni bure. Siku ya Idd anatupanga uani, warefu nyuma, wafupi mbele, mikono chini, anangoja mpaka mtoto wa mwisho anyamaze kulia, anabonyeza mara moja tu na kuweka simu mfukoni. Ukimwambia fulani amefumba macho, anasema, "Amefumba mwenyewe."

Na akishatuma, papo hapo anazima data. Kwake picha ikishaonekana kwenye kioo imeshakwenda, kinachobaki ni bando kuvuja. Kale kasaa kadogo kanakokaa pembeni ya picha, kanakosema kwamba haijaondoka, yeye anakasoma kama saa ya kawaida. Picha zinarundikana humo siku mbili, tatu. Kisha alfajiri moja mama anaichukua ile simu, anawasha data, na mzigo wote unaondoka kwa mpigo. Tanga ni saa kumi na moja alfajiri, Toronto ni saa tatu au saa nne ya usiku wa jana yake, kutegemea majira. Dada anajiandaa kulala na simu inaanza: ti, ti, ti, ti. Watu wetu wanaelewa simu ya nyumbani ikilia mfululizo saa hizo maana yake nini. Dada anasema alishaanza kulia na alikuwa anatafuta bei ya tiketi, ndipo akafungua na kukuta mpapai wa uani, kwa pembe zote.

Ya mama ni makubwa zaidi. Alitaka kumtumia dada picha yangu ya utotoni, ile niliyokaa ndani ya karai naogeshwa, sina hata uzi mwilini. Sijui kidole kiliteleza wapi, picha ikaenda kwenye stetasi. Stetasi hukaa saa 24, na humwonyesha kila mtu ambaye namba yake umeihifadhi naye kakuhifadhi. Mama hafuti namba ya mtu. Akaniona muuza samaki wa Deep Sea, akaniona ustadhi wa madrasa, akaniona fundi cherehani wake na fundi bomba wake. Akaniona mwenye nyumba wangu wa Dar, ambaye mama aliomba namba yake alipokuja kunitembelea, "ikitokea dharura." Muuza samaki akaandika, "Mashaallah, mjukuu huyo?" Mama akamjibu, "Hapana, ni yule wa Dar, mhasibu."

Nikampigia kumwomba aifute. Akanieleza kwa upole kwamba watu arobaini wameshaiona, sasa huyo wa arobaini na moja akose kwa kosa gani? Tangu hapo mwenye nyumba wangu akipokea kodi anatabasamu, na sina pa kumshitaki.

Mwaka jana niliamua kulimaliza jambo hili kitaalamu. Albamu za nyumbani zina picha za miaka ya sabini na themanini, chache za nyuma zaidi, mojawapo yenye mhuri wa Capital Art Studio ya Unguja, ile iliyofunguliwa mwaka 1930. Zote zimefunikwa nailoni, na kila mama alipozipiga kwa simu zilitoka na jua jeupe usoni pa babu, au na kivuli cha mtandio wake. Nikamwekea baba PhotoScan, programu ambayo Google waliitoa mwaka 2016 kwa shida hiyohiyo. Inapiga picha mara kadhaa kutoka pembe tofauti, kisha inaziunganisha ili mng'ao upotee. Kazi ya mpigaji ni kuisogeza simu ili duara la katikati lifunike vidoa vinne vyeupe vinavyotokea kwenye kioo.

Baba akavaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili. Vidoa vikatokea. Akasimama, akatoa leso mfukoni, akaanza kuifuta picha kwenye albamu. Akatazama kwenye simu, vidoa vipo. Akaitemea leso kidogo, akafuta tena. "Haya ni madoa ya zamani," akasema. Nikamweleza kuwa madoa hayako kwenye picha, yako kwenye simu. Akageuza leso, akafuta kioo cha simu, na alipokigusa programu ikajifunga. Mama aliyekuwa anachambua mchele akaomba ajaribu yeye. Akalielewa lile duara upesi kuliko sote, isipokuwa alishika simu ikatulia tuli kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akawa anaizungusha albamu.

Zilizopatikana nikaziweka kwenye albamu ya pamoja ya Google, nikatuma kiungo kwa kila mmoja. Nikamkalisha mama nimwonyeshe. Akazitazama, akazipenda, kisha akauliza, "Hizi kanitumia nani?"

"Hakuna aliyetuma, mama. Zipo tu."

"Zipo wapi?"

"Kwenye mtandao. Kila mtu akitaka anaingia anaona."

"Na asiyeingia?"

"Basi haoni."

Akafikiri. "Sasa hapo mmempa nani?"

Ile albamu iko mpaka leo, imepangwa kwa miaka, inakula sehemu ya zile GB 15 nilizopewa bure, na sijaona hata mtu mmoja aliyeandika neno chini ya picha. Huku mama akimtumia kaka kipicha kimoja kilichopinda, na kidole gumba pembeni, kaka anarudisha sauti ya dakika tano. Muscat simu za WhatsApp zilizuiwa kwa miaka mingi, kwa hiyo alizoea kurekodi, naye hurekodi kama anahutubia. Mama anaiweka sauti ya juu barazani, majirani wanasikiliza, wanampelekea salamu, mama anazirekodi nazo. Inakula bando, inakula mchana mzima, na kila mtu ukooni anajua jino la mtoto limefikia wapi.

Aliyebaki nje ni shangazi wa Pangani, mwenye kitochi. Kwa ajili yake tulikwenda studio ya karibu na stendi kusafisha picha ya Idd. Kijana akaitazama, akasema imepita WhatsApp, imebanwa, itatoka na ukungu, tumletee ile orijino. Nikamweleza baba kwamba picha ileile ikitumwa kama hati badala ya picha inafika nzima, na iliyo nzima bado imo ndani ya simu yake. Akasimama pale mlangoni, uso ukamchangamka.

"Kumbe negativu ipo!"

Ipo, baba. Akaitoa kalamu.

Picha ikatoka nzuri, ikatiwa bahasha, akapewa konda wa basi la Pangani pamoja na hela ya soda. Jioni ileile shangazi akapiga. Imefika, imeshazunguka nyumba tatu, na jirani mmoja ameing'ang'ania, kwa hiyo tumpelekee nyingine. Ila ana swali. Huyo mzee mwenye upara aliyesimama nyuma ya mama yenu ni nani, mkwe?

Mama akanitazama, akasogeza simu sikioni. "Ndiye mwanao huyo wa Dar, wifi. Simu zimemzeesha."