Mwongozo kwa Mwalimu Anayekimbizana na Silabasi

Anza kwa kuliacha swali la "Mmeelewa?" Darasa la Tano lenye watoto 80 litaitikia "Ndiyooo, mwalimu!" hata ukifundisha kwa Kichina. Wanaitikia kwa adabu, kwa kuogopa kuchekwa, na kwa sababu uji unanukia huko nje. Andika ubaoni 1/2 + 1/3, kisha pita kati ya madawati ukichungulia madaftari.

Utakutana na jibu la 2/5. Usimkemee mwenye nalo: kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama alivyozoea kwenye namba nzima. Muulize hivi: "Nusu chapati, na chapati iliyokatwa vipande 5 sawa ukapewa 2, utachagua ipi?" Atachagua nusu, tena haraka. "Sasa umeanza na nusu, ukaongezewa theluthi, mbona umebaki na pungufu ya nusu?" Hapo nyamaza. Mwache akune kichwa.

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza mwaka 1974 kwamba walimu wengi aliowachunguza walisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliozoea kukaa kimya wakaanza kuchangia. Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi, lakini zivumilie. Na wale wawili wa dawati la mbele wanaopiga vidole kila mara, waombe wapumzike kidogo.

Kipindi ni dakika 40. Toa za kuita mahudhurio, kufuta ubao na kutafuta chaki. Kinachobaki kinatosha dhana moja mpya na mazoezi yake. Ukibeba tatu, utazirudisha ofisini zote.

Safu ya maoni kwenye andalio la somo usiijaze kabla ya kuingia darasani. Ukitoka, andika ulichokiona: "Nusu ya darasa wamekwama kwenye asili zisizolingana, kesho narudia." Anayekagua akihoji mbona uko nyuma ya azimio la kazi, mwonyeshe madaftari ya jana na ya leo.

Nanyi walimu wakuu, tafadhali, mwalimu aliyekaa na mada ya sehemu wiki nzima msimwite mzembe. Waulizeni wanafunzi wa yule aliyemaliza kitabu mwezi wa 8, kama walifika naye ukurasa wa mwisho au alifika peke yake.