Sangala wa Chini Hafuatwi kwa Spidi

Mtchew! Jamani, simu moja inatosha kupoteza kijiwe kizima hapa Kashaulili. Imezunguka kuanzia kwa muuza kahawa hadi kwa vijana wa bodaboda, na kilichomo ni picha ya rili ya kuvulia, ile inayoning'inia chini ya fimbo na ina kiwaya cha kufungulia mshipi. Dogo anataka kuinunua ashuke nayo Karema, Ziwa Tanganyika, akatafute sangala wa chini kwa jigi nzito, vile visamaki vya risasi vya gramu 300. Anatusomea maandishi ya kwenye boksi: gia sita na nukta mbili kwa moja. "Hii inavuta kama umeme!" wenzake wanamjaza upepo.

Mdogo wangu, hiyo namba inasema jambo moja tu: ukizungusha mpini mara moja, kile kiwaya kinalizunguka gurudumu la mshipi mara sita na ushee. Nguvu haijatajwa hapo, na mara nyingi gia ikipanda nguvu inashuka. Mwendesha bodaboda gani hapa asiyejua kwamba ukipakia magunia mawili ya mahindi na mlima uko mbele yako, huweki gia ya nne? Jigi ya gramu 300 iliyo mita 100 chini, unainyanyua na kuiachia asubuhi nzima, halafu samaki naye aidake aanze kurudi chini! Hapo unataka gia nne au tano kwa moja, mpini mrefu, na kishikio kinachojaa kiganjani. Yule anayekwenda mbio juu ya maji ndiye wa kufuatwa kwa spidi. Huyu wa chini anataka kuinuliwa.

Na hiyo ya kuning'inia ina ugonjwa mwingine. Mshipi unapinda kwenye kona kabla ya kuingia kwenye gurudumu, na mzigo ukizidi, shingo ya rili inajikunja, meno ya gia yanaanza kulika. Zipo za aina hiyo zilizoundwa kwa kazi nzito, sikatai, lakini bei yake ni ya kuuzia ng'ombe. Kwa fedha ndogo tafuta ile inayokaa juu ya fimbo, gurudumu limelala, mshipi unaingia moja kwa moja. Mwili uwe chuma kitupu. Plastiki ikivutwa inanyumbuka, na kila inaponyumbuka gia zinaachana.

Mara mzee mmoja akadakia: ziwa lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, basi dogo anunue rili inayomeza mshipi wa kilomita nzima. Aka, mzee wangu! Ziwa ni refu kwenda chini, ila samaki hawako huko. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki hadi chini. Ya juu yenye joto yamekaa juu ya yale ya baridi miaka nenda rudi, na oksijeni haishuki. Upande wa Burundi hewa inakata kwenye mita 100 hivi, na kusini kwa Zambia, ambako upepo wa kusi unayakoroga maji, inafika mita 200 na kidogo. Chini ya hapo hakuna samaki hata wa dawa. Sangala wa chini anakaa kwenye tope na miamba hadi pale hewa inapoanza kuisha, basi. Mshipi wa mita 300 unakutosha, pamoja na wa akiba utakaokatikia kwenye mawe. Rili ya kilomita ni uzito wa bure begani.

Tena uwe uzi wa kusuka. Nailoni inavutika, na kwa mita 100 unanyanyua fimbo huku juu, jigi kule chini haina habari. Wavuvi wa Ikola wanaovuta mshipi kwa mikono mitupu wanajua hili kwa viganja vyao: usipousikia mguso, umeliwa chambo.

Sasa nisikilizeni kwenye breki, maana hapa ndipo watu wanapopigwa changa la macho. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni za breki iliyokazwa hadi mwisho. Wewe ikaze kwa theluthi ya nguvu ya mshipi: wa kilo 20, breki kilo 6 au 7. Na ukumbuke gurudumu linapungua. Likiwa limejaa lina kipenyo cha sentimita 6, kwa gia tano kwa moja unakunja karibu sentimita 94 kila mzunguko. Mshipi ukitoka kipenyo kikabaki sentimita 4, unakunja 63 tu, na ile breki ya kilo 6 sasa inashika kwa kilo 9 bila wewe kuigusa. Ndiyo mishipi inavyokatika, watu wanarudi wakisimulia ukubwa wa sangala.

Dukani usisome boksi, shika rili. Usukume mpini kushoto na kulia: ukicheza, rudisha. Kaza breki kiasi, vuta mshipi kwa mkono polepole: utoke laini. Ukishtuka-shtuka, yule sangala ataukata mara ya kwanza anapogeuza kichwa.

Ninapiga kelele hivi kwa sababu kijana akiuziwa mbuzi kwenye gunia ataichukia ndoano, na wa kumwita kwenye kokoro hawakosekani. Kokoro limekatazwa, linazoa hadi vifaranga. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, na miezi ya namna hiyo ndiyo ya kufungua rili, kutoa mchanga, kufuta beringi na kupaka grisi.

Na wewe dogo, kabla ya uzi wa kusuka, tanguliza nailoni mita chache kwenye gurudumu. Usipofanya hivyo uzi wote utateleza juu ya chuma, utakunja mpini hadi jioni na jigi haipandi.