Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kurejesha Akaunti

Small Heath, Birmingham

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua huko kwenu hakuna wa kuitikia marahaba, lakini ndivyo nilivyolelewa, na 61 si umri wa kuamkiwa hivi hivi.

61 ndiyo asilimia iliyoganda kwenye paneli yenu tangu jana alfajiri. Mimi ndiye mtunza tovuti ya chama chetu cha kufa na kuzikana, tovuti mnayoihifadhi nyinyi kwenye seva yenu. Ijumaa usiku mtu mmoja (ni mimi, tusifichane) alisasisha programu, ukurasa ukawa mweupe kama sanda. Sikubabaika. Si mlituahidi bakapu kila usiku? Nikabonyeza kitufe cha kurejesha akaunti, nikaenda kuchemsha chai.

Jumamosi tukafiwa. Nani kalipa mchango, nani wa kuosha, simu za ndugu walioko Tanga, vyote vimo humo ndani. Mstari wa kijani ulikuwa 12. Jumatatu tukazika, 38. Hitima imesomwa, pilau imeliwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe, 61. Marehemu amefika kwake, Mheshimiwa. Akaunti bado iko njiani.

Kijana wenu wa dawati la msaada alinijibu kwa adabu kwamba akaunti yetu ni kubwa. Kubwa? Gigabaiti tisa! Simu ya mpwa wangu ina zaidi ya hizo, zote za mpira. Ukubwa haupo, wingi ndio uliopo: mafaili laki sita na ushee, vijifaili vitupu. Seva yenu huweka kila barua pepe kama faili lake peke yake, na kila faili lifunguliwe, liandikwe, lipewe mwenyewe, lifungwe, ndipo liitwe la pili. Tena furushi zima hufunguliwa kwanza kwenye chumba cha muda, kisha vyote vibebwe upya kupelekwa nyumbani. Mchele wa gunia moja mnauhamisha punje kwa punje, mara mbili.

Na mchele wenyewe ni pumba. Zaidi ya nusu ya mafaili hayo yamo kwenye folda ya takataka: barua za kutuuzia viatu nilizozifuta mwaka 2019. Wazoa taka wa jiji hili walipogoma moja kwa moja Machi 2025, tani 17,000 zilirundikana mitaani na panya wakanenepa. Nyinyi hamkugoma hata siku moja. Taka zetu mmezizoa kila usiku, mkazitunza, na sasa mnaturudishia moja moja. Hifadhidata yenye majina ya wanachama, megabaiti 40 tu, iko nyuma ya foleni ikingoja viatu vipite.

Msijione wapweke. Halmashauri ya Jiji nayo ilihamia mfumo wa Oracle Aprili 2022, hesabu za benki zikakataa kupatana na vitabu vyake, na tarehe 5 Septemba 2023 ikatoa notisi kwamba mfuko hautoshi, ingawa madai ya malipo sawa ya wafanyakazi wanawake nayo yalikuwa mzigo mzito. Lakini wao walikiri.

Ombi langu ni dogo. Nipeni hifadhidata peke yake, hivyo viatu vije vikipenda. Na kabla ya kumwuzia mwingine bakapu ya kila usiku, jaribuni siku moja kuirejesha, mchana kweupe, saa mkononi.

Mhazini wetu, bibi wa miaka sabini na kitu, hajapata kuifungua tovuti hiyo. Pale msibani alifungua mkoba, akatoa daftari linalonukia karafuu, akalamba kidole, akafunua, akakilaza kwenye jina la marehemu. Nilihesabu: sekunde nne. Sasa anauliza nani aliidhinisha zile pauni tunazowalipa nyinyi kila mwezi, na kikao ni Jumapili.

Nifikisheni walau 62.

Wenu mtiifu,
Katibu wa chama