Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Busia

Mheshimiwa Gavana,

KUH: OMBI LA CHUMBA CHA PICHA ZA KALE

Kwa heshima na taadhima nabisha hodi mlangoni pako, nikiomba radhi kwa kukukatiza shughuli za watu wako. Nisingethubutu kama jambo lenyewe lingeweza kungoja.

Mimi ni mtunza picha za kale hapa Chakol. Huletewa harusi za kanisani, wanafunzi waliojipanga, wasafiri wa stesheni ya Malaba. Kila picha naipangusa kwa brashi laini, naitia bahasha yake, na nyuma naandika majina kwa penseli laini, maana wino hupenya hadi mbele.

Majuzi nyanya mmoja aliniletea picha iliyogandia kioo cha fremu. Unyevu wetu huu hulainisha utando wa jelatini unaobeba picha; ukikauka, hushika kioo kama gundi. Ningeibandua, nyuso zingebaki kiooni. Nikaipiga picha hivyo hivyo ilivyo. Nyanya akaweka kidole juu ya kijana wa tatu: "Huyu kaka yangu. Alivuka mpaka, akaoa Tororo." Akawataja wote saba, kisha akaniambia kuwa katika rika lake wamebaki wawili.

Mheshimiwa, wajua kuliko mimi kwamba Waingereza walipohamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda mwaka 1902, mpaka uliwaacha Wateso pande mbili. Jamaa wengi leo hukutana kwenye picha tu. Majirani wametutangulia kuzionyesha picha za kale. Mwaka 2007 picha ambazo mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliwapiga Wajaluo mwaka 1936 zilitoka Oxford zikaonyeshwa Nyanza. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, Kampala, yalionyesha picha za enzi ya Idi Amin, zilizochaguliwa kutoka maelfu ya negativi zilizosahaulika kwa miaka mingi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti maktaba na makumbusho. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mambo matatu. Kwanza, chumba kimoja kikavu chenye kupitisha hewa, paa lisilovuja na rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni. Pili, kabati la zamani la ofisi yoyote lisisafishwe kabla hatujaitwa. Niliwahi kufika mahali nikakuta negativi zimekwisha kuwa majivu. Tatu, siku moja ya baraza katika kila wadi, wazee wakae na picha hizi watutajie majina.

Hilo la tatu, Mheshimiwa, ndilo naliombea haraka. Chumba kinaweza kujengwa mwakani. Kijana wa tatu ana jina leo kwa sababu dada yake yu hai.

Nakutakia afya njema na uongozi wenye baraka.

Wako mtiifu,
Mtunza picha, Chakol