Namna ya Kuacha Vitunguu na Bado Ukabaki na Ndugu

Kabla hujakifukuza kitunguu jikoni, nenda hospitali ukapimwe. Najua huu si mwanzo ulioutaka. Ulitaka orodha ya vyakula vya kuacha uibandike kwenye friji leo jioni, kesho uamke tumbo limetulia. Lakini gesi, tumbo kujaa, na kuharisha kunakopishana na choo kigumu vinaweza kuletwa na amiba, na giardia, na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, na hakuna hata mmoja wao anayehama kwa sababu umeacha chapati. Huyo wa mwisho ana dawa yake. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walifanikiwa kumkuza maabara mwaka 1982, na mwaka 1984 Marshall akamnywa ili kuwaonyesha wenzake kwamba analeta ugonjwa. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mtu amekunywa bakteria kwa ajili ya tumbo lako, nawe unaona aibu kupeleka kikopo cha choo maabara? Kipeleke. Na kama unameza omeprazole, mwambie daktari, kwa sababu inaweza kumficha bakteria huyo kipimo kisimwone. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kupima.

Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, chakula kikikwama kooni, au maumivu yakikuamsha usiku, usiache chakula chochote kwa ushauri wa makala. Nenda kwa daktari wiki hii. Kuhusu koo nasisitiza zaidi, maana mashariki mwa Afrika saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Na mwenye wasiwasi na ngano apimwe ugonjwa wa siliaki akiwa bado anakula mkate, kwani ukiiacha ngano kwanza, kipimo kinaweza kusema huna ilhali unao.

Haya. Umepimwa, hakuna mdudu, hakuna kidonda, na tumbo bado linanguruma kwenye kikao cha ukoo. Sasa tunaweza kuzungumza.

Wazo la kutoa vyakula kwa muda kisha kuvirudisha si jipya. Daktari wa California, Albert Rowe, alikuwa akilitumia kwa wagonjwa wa mzio tangu miaka ya 1920. Kwa tumbo linalosumbua, mpango uliofanyiwa utafiti zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kwa kazi ya Peter Gibson na Sue Shepherd. Unahusu sukari fupi zinazoitwa fodimapu. Utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri, kwa hiyo sukari hizo huvuta maji, kisha zikifika kwenye utumbo mpana bakteria huzichachua na kutoa gesi. Hilo hutokea kwa kila mtu aliyekula maharage, awe shehe au padri. Tofauti ni kwamba utumbo wa baadhi yetu una hisia kali, na gesi ambayo mwenzako haisikii kabisa inakukunja wewe.

Sasa orodha yenyewe: kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage, mbaazi, kunde, maziwa, embe, tikitimaji. Naam, ni nusu ya jiko letu. Maandazi ya asubuhi yameondoka, mbaazi za nazi zilizokuwa zikiyasindikiza zimeondoka, na mchuzi wa jioni umebaki hauna wa kuanza naye. Vuta pumzi. Ugali upo, wali upo, ndizi mbichi za kupika zipo, viazi mviringo, samaki, kuku, mayai, mchicha, karoti, papai, nanasi na machungwa vipo. Hakuna atakayekufa njaa.

Kitunguu kinastahili maelezo zaidi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kuchambua vipande vya kitunguu na kuvisogeza pembeni mwa sahani hakusaidii kitu. Sukari yake, fruktani, huyeyuka kwenye maji, na kwa kuwa mchuzi ni maji, imeshaenea sufuria zima. Lakini haiyeyuki kwenye mafuta, na huo ndio mlango wetu. Kaanga punje nzima za kitunguu saumu kwenye mafuta, harufu ikishatoka ziopoe zote, kisha ndipo utie nyanya na maji. Ladha inabaki, fruktani imetoka na punje. Majani ya kijani ya juu ya vitunguu vya majani nayo yanaruhusiwa, ila ile sehemu nyeupe ya chini iache. Tangawizi, bizari, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga havina hatia. Pilau ya namna hii haitakuwa pilau ya shangazi, lakini italika.

Kazi ngumu kuliko mapishi ni watu. Usianze mwezi wenye harusi mbili na hitima. Na ukialikwa, usitoe mhadhara kuhusu bakteria, sema, "Daktari amenizuia kwa mwezi mmoja." Wazee wetu huheshimu katazo la daktari, na wakisikia lina mwisho huheshimu zaidi. Mama mkwe mpigie simu mapema, kabla sufuria halijapanda motoni: "Shikamoo mama. Nakuja Jumapili, ila nimezuiwa vitunguu hadi mwisho wa mwezi. Wali na samaki wa kukaanga vitanitosha." Ukiwa mwanamke, atauliza kama una mimba. Ukiwa mwanamume, atauliza kama binti yake anakupikia vibaya. Yote mawili ni mapenzi, yajibu kwa upole. Chakula cha watu kwenye sinia moja ni udugu wenyewe, na anayejitenga bila kueleza anaumiza.

Hatua hii ya kuacha vyakula ni ya wiki mbili hadi sita, basi. Katika muda huo weka daftari: umekula nini, saa ngapi, tumbo limesema nini, umelala vipi, umegombana na nani. Ndiyo, na ugomvi uandike, maana ubongo na utumbo huzungumza, na wiki ya deni la kodi ya nyumba huvuruga tumbo lisilokula hata punje ya kunde.

Kuna watu watakaokufuata ukiwa hapa. Mmoja atakuuzia chupa ya kusafisha utumbo. Kama ndani yake mna sanamaki, utaharisha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya sanamaki. Utumbo haujasafishwa, umekimbizwa. Mwingine atakuuzia kipimo cha damu cha kingamwili za IgG kinachodai kutaja vyakula vinavyokudhuru. Vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani vimeshauri kisitumike kwa kazi hiyo, kwani kingamwili hizo huonyesha zaidi kwamba umekuwa ukikila chakula hicho. Nunua samaki kwa pesa hizo.

Kisha ukapata nafuu, na hapa ndipo watu wengi huharibu: wanafurahi, wanaganda, wanaishi miaka bila maharage. Usigande. Vyakula ulivyovitoa ndivyo vinavyowalisha bakteria wema wa utumbo mpana, na tafiti zimeonyesha kwamba jamii ya bifidobakteria hupungua mtu akifuata mpango huu. Halafu maharage ni protini ya bei nafuu kwa familia nyingi. Kuyaacha bila sababu ni hasara ya mwili na ya mfuko.

Rudisha kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku tatu, ukiongeza kiasi kidogo kidogo huku vingine vikiendelea kukaa nje. Ukirudisha embe, maziwa na maharage siku moja, tumbo likivurugika umekamata watuhumiwa watatu na huna kesi. Anza na maziwa: nusu glasi, kesho glasi. Yakikusumbua, jaribu mtindi, maana bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Usione haya, watu wazima wengi duniani huyameng'enya maziwa kwa shida, ingawa katika jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania wengi wanaendelea kuyamudu ukubwani. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, na anza na vijiko vichache. Vitunguu na ngano vijaribu kila kimoja peke yake. Wengi hugundua kwamba kinachowaumiza ni kimoja au viwili, tena kwa wingi tu.

Mjamzito, mtoto, mwenye kisukari, na aliyewahi kuteswa na woga wa kula, wasifanye haya bila mtaalamu wa lishe. Na chakula kilichowahi kukuvimbisha midomo au kukubana pumzi, kama karanga au kamba, usikijaribu nyumbani hata kidogo.

Na ikifika wiki ya sita hujaona nafuu yoyote, rudisha vyakula vyote mezani, kula na wenzako, chukua daftari lako urudi kwa daktari.