Wiki Moja Nyuma ya Ukuta

Mererani, Jumatatu. Mama, simu yangu iliingia maji mgodini juzi, ndiyo maana naandika. Daftari hili nitampa jamaa anayekuja Kondoa Jumapili. Simu niliizika kwenye mchele siku mbili. Haikuwaka. Mchele tumeupika.

Jumanne. Foleni. Migodi yote imezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 uliokamilika mwaka 2018, na geti la kupita ni moja. Kuingia ni rahisi. Kutoka kila mtu anapekuliwa, kwa kuwa tanzanite inafichika kirahisi. Nilivua viatu, nikageuza mifuko nje. Sina kinyongo na wapekuzi, wanalinda mali. Ila kipande cha sabuni ulichonifungia kilidondoka, foleni ikakikanyaga. Nilikuwa nakitumia kidogo kidogo.

Jumatano. Sabuni yenyewe ningeihitaji. Mwamba wa huku umejaa madini ya kinywe, laini, meusi, yanayong'aa. Yanaingia kwenye kucha, masikioni, mpaka kwenye mistari ya viganja. Maji tunanunua kwa dumu. Dumu nililopewa lilikuwa na tundu chini, nikafika chumbani na nusu. Nilinawa uso tu.

Alhamisi. Kompresa inayopeleka hewa chini imezima. Bila hewa hatushuki. Fundi amekwenda Arusha kutafuta kipuri, tukamsubiri kivulini mpaka saa kumi jioni. Hakurudi. Ugali ulikuja mapema, maharage yakachelewa. Tajiri wetu halipi mshahara. Anatulisha, na siku mgodi ukitema mawe tunagawana. Nina miezi minane hapa na haujatema. Hilo ndilo linaloniuma, Mama, maana sare ya mdogo wangu niliahidi mimi.

Ijumaa. Mgodi wa jirani umetema. Tulisikia shangwe, sisi bado tuko kivulini. Mzee wa zamu akanisimulia tena habari za Saniniu Laizer, aliyepata mawe mawili hapahapa mwaka 2020, moja la zaidi ya kilo 9, la pili zaidi ya kilo 5, serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.7. Naijua kwa moyo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu na yeye anaihitaji.

Jumamosi. Kompresa imewaka. Nilipofika nusu ya ngazi tochi ikafifia. Nikapanda, nikabadili betri, nikashuka upya.

Jumapili. Asubuhi Kilimanjaro ilionekana yote, bila wingu hata moja. Nilishika simu nikupigie, nikakumbuka. Kwenye jalada la daftari nimeweka elfu kumi niliyolipwa kwa kubeba kifusi. Anza na shati la mdogo wangu, kaptula itafuata. Noti ina madoa meusi, usiifue. Ni kinywe. Dukani wataipokea.